Jahazi la Matairi Manne

Zamoyoni aliporudi kutoka gulioni Masumbwe alikuta nyumba yake haina mlango. Hakuwa ameibiwa, maana mwizi angechukua na redio. Mlango wa mbele, ule wa mninga waliouchangia na mumewe mwaka wa pili wa ndoa, ulikuwa umelala juu ya matela mawili ya ng'ombe yaliyofungwa pamoja kwa mabanzi na waya. Juu yake alisimama mume mwenyewe, Masele, nyundo mkononi, akirukaruka kupima kama unabeba.

"Baba Raudha," alisema Zamoyoni, beseni la dagaa bado kichwani. "Hicho ni nini?"

"Sitaha."

"Nimeuliza mlango."

"Ulikuwa mlango. Sasa ni sitaha. Hapa watasimama watu wanne na ngoma zao."

"Na sisi tulale wazi kama banda la mnada?"

"Nimeweka pazia."

Ni kweli aliweka. Lilikuwa khanga ya sikukuu ya Zamoyoni mwenyewe, imepigiliwa misumari miwili juu ya fremu, na upepo wa Agosti ulikuwa unaipeperusha kwa furaha. Zamoyoni alitua beseni, akaitazama khanga, akamtazama mume, akakumbuka kwamba bado hajapika. Aliamua kugombana baadaye, akiwa ameshiba.

Masele alikuwa mfugaji wa kawaida kwa miezi tisa ya mwaka. Miezi mitatu iliyobaki, watu wakishavuna, alikuwa manju: mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la watu thelathini, mwenye sauti ya kusikika vijiji viwili. Mashindano yenyewe hayana ugumu kuyaelewa. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakovutiwa. Mwishoni mwamuzi anatazama upande gani una watu wengi, huo ndio umeshinda. Mwaka jana mpinzani wake, Ndaki, alitengeneza helikopta ya mabati yenye panga linalozunguka, na watu wakamkimbilia wote, hata mjomba wake Masele aliyekuwa amekalishwa kiti cha mbele. Mwaka huu ilisemekana Ndaki anaunda kijiko cha kuchimbia, kama vile vya mgodini Geita, chenye mkono unaopanda na kushuka.

Masele alijibu kwa jahazi. Katika wilaya ambayo hata josho la ng'ombe lilikuwa limekauka, yeye aliunda jahazi.

"Na hilo neno sitaha umelitoa wapi?" Zamoyoni aliuliza akiingia ndani kwa kuinamia khanga yake.

"Neno tu," alisema Masele, akageukia msumari ambao ulikuwa umeshazama kitambo.

*

Nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, Bi Chiku alikuwa akibangua karanga. Bi Chiku ni mama yake Zamoyoni, mtu wa Pangani aliyeletwa bara na mume muuza vitambaa, na tangu mume huyo azikwe Geita miaka miwili iliyopita alikuwa akiishi kwa binti yake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila alasiri alibangua na kusimulia, na hadithi zake zote zilikuwa na maji ndani: baba yake Fundi Mbwana aliyeunda majahazi, nahodha fulani aliyesahau sala akakumbuka mawimbini, na yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka mitano, amelala mchana ndani ya mataruma, zile mbavu za mbao za chombo ambacho hakijakamilika, na mafundi wote wameambiwa waweke nyundo chini mpaka aamke. Zamoyoni alizisikia tangu akiwa mgongoni. Siku hizi alimwitikia mama yake "ee" na "kumbe" huku akiwaza nyanya.

"Mumeo kang'oa mlango," alisema Bi Chiku.

"Nimeuona, mama," alisema Zamoyoni, akikaa kumsaidia.

"Kapita hapa nao kichwani. Kaniona, kageuka na mlango wake, kazunguka zizi lote. Mtu na mlango wa mninga, Zamoyoni! Angepita tu hapa mbele yangu ningemng'ata?"

"Ni heshima, mama. Nimekueleza mara ngapi?"

Alikwishaeleza mara nyingi mno. Kwa kina Masele, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawazungumzi, hawali pamoja na hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anapisha, na anayeheshimu zaidi anapisha mbali zaidi. Masele aliheshimu sana. Wakati mmoja walikutana ghafla kwenye njia ya kisimani, hakuna pa kupishia, akaingia mzimamzima kwenye ua wa minyaa. Utomvu ulimwingia jichoni, akatembea na jicho moja siku tatu. Kijiji kilicheka, na Bi Chiku ndiye aliyeona kachekwa.

"Kwetu mkwe akikuheshimu anakuja," alisema sasa. "Anakuamkia, anakuuliza umeamkaje, unamwekea chai. Hii heshima ya kumkimbia mtu kama nyuki sijapata kuiona. Miaka miwili nipo hapa. Hata kuku wa nyumba hii wanatazamwa, wanaitwa kuti-kuti-kuti. Mimi ni nani?"

"Mama."

"Basi. Jumatatu ijayo naondoka. Abdulshakur kule Pangani kanikatia tiketi, kanitumia kwenye simu."

Tangu mavuno Bi Chiku alikuwa akisema ataondoka, lakini hapo nyuma hakuwa na tiketi. Zamoyoni aliacha karanga.

"Abdulshakur ana chumba kimoja na watoto watano. Utalala wapi?"

"Ukumbini, kwa mwenye nyumba wake. Wakipita watanikanyaga. Na mtu huwezi kumkanyaga bila kumtazama kwanza."

Alilisema kama mzaha, na Zamoyoni akajua kwamba mara hii si mzaha. Mama yake ana miaka sabini na moja. Pangani aliiacha ikiwa na ndugu, sasa ndugu hao wako makaburini, isipokuwa huyo mpwa mwenye ukumbi wa kuazima. Zamoyoni alilia kidogo akasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Jioni hiyo alimweleza mumewe yote, tiketi na ukumbi. Masele alisikiliza ameinamisha kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, Zamoyoni akaanza kupata matumaini. Kisha akauliza:

"Ile kamba ya kufungia ndama, bado unaihitaji?"

Zamoyoni alimtupia kamba. Hakulenga mikononi.

*

Mlingoti ulianguka mara tatu. Mara ya kwanza ulimkosa jogoo, na ya pili ulivunja chungu. Mara ya tatu ulipita juu ya ua na kuingia chooni kwa jirani, mwanamke mmoja aitwaye Esta, mjane mwenye sauti ya kuuzia samaki, ambaye kwa bahati alikuwa ametoka humo dakika hiyo hiyo.

"Nguzo ya nani hii imeingia chooni kwangu bila hodi?"

"Ni mlingoti, mayu," alijibu Masele kwa adabu ya kumwita mama.

"Uwe mlingoti, uwe mnara wa simu, paa langu utalirudisha leo!"

Alilirudisha. Kisha akakaa chini akakubali kwamba kuna jambo halijui. Kujua jina la mlingoti ni kitu kimoja, kuusimamisha ni kingine, na katika kijiji kizima mtu aliyejua alikuwa mmoja tu, na ndiye ambaye Masele hakuweza kuzungumza naye.

Njia ilipatikana. Bi Chiku alikaa jikoni na karanga zake. Masele alikwenda upande wa pili wa ukuta, upande wa zizi, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa hapo, mgongo wake umeegemea udongo. Zamoyoni akawekwa mlangoni mwa jiko, hatua mbili kutoka kwa kila mmoja, awe mjumbe.

"Mwambie mama," alisema Masele, "mlingoti unasimamaje?"

"Mama, anauliza..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize ana mwashiri?"

"Anauliza kama una..."

"Sina. Ndiyo nini?"

"Mwambie ni kipande cha mti mzito chenye tundu, kinalala chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Mguu wa mlingoti unaingia mle kama mguu kwenye kiatu. Yeye kausimamisha juu juu, kwenye sitaha. Si lazima uanguke?"

Zamoyoni alifungua mdomo, akaona hakuna haja, akaufunga. Maneno yalikuwa yakipita pembeni yake yenyewe. Bi Chiku aliacha kubangua. Alieleza foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, ufungwe wapi. Alieleza jarari, kamba ya kulitwekea. Akafika kwenye demani, kamba ya pembe ya chini, na hapo sauti yake ikapanda.

"Mwambie hiyo demani ndiyo roho ya watu. Upepo ukizidi inaachiwa, tanga linapigapiga hewani, chombo kinatulia. Ifungwe fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Asije akaifunga lile fundo lenu la kufungia ng'ombe!"

"Mwambie nimesikia," alisema Masele.

"Na nanga kaiweka wapi?"

"Mwambie nchi kavu nanga haina kazi. Nitaweka mawe kwenye matairi."

"Mwambie baba yangu hakutoa chombo kwake bila nanga. Hata mtumbwi wa kuchezea watoto aliufungia jiwe na kamba."

"Mwambie mawe yapo. Makubwa."

Bi Chiku alicheka kwa pua. Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote tangu afiwe, na alishangaa mwenyewe kuona jua limeshuka na karanga ziko vilevile. Jambo moja tu lilimkera. "Hebu niambie," alimnong'oneza binti yake, "maneno kama omo na tezi kayajulia wapi? Kasema mwenyewe, omo itazame magharibi."

"Labda kwenye simu, mama. Siku hizi simu inajua kila kitu."

Nyuma ya ukuta kigoda kililia, na nyayo zikaondoka. Bi Chiku alingoja kidogo.

"Wala asante," alisema.

"Ameniambia nikwambie wabeja sana."

"Kakwambia saa ngapi?"

Zamoyoni aliinamia karanga, kwa sababu Masele hakuwa amesema kitu.

*

Jumapili ya mashindano ilianza na upepo. Uwanja ulikuwa shamba la pamba lililokwisha vunwa, tambarare upande wa Masele na lenye kamteremko kadogo kuelekea upande wa Ndaki, na mbele zaidi majaruba ya mpunga yaliyokauka. Watu walikuja kutoka Masumbwe kwa bodaboda, watatu watatu. Wauza miwa walikuja, na wachimbaji wadogo wakaja na vumbi lao jekundu lisilotoka hata kwa sabuni.

Bi Chiku hakutaka kwenda. Begi lake lilikuwa limekwisha fungwa, liko pembeni ya kitanda. Zamoyoni alimwambia, "Mama, kaa ndani basi, ila mlango hakuna," na Bi Chiku akaona afadhali watu uwanjani kuliko kuchunguliwa na mbuzi. Walikaa kwenye mkeka pamoja na Esta, upande wa Masele, ambao kwa saa nzima ulikuwa na nafasi za kutosha. Kijiko cha Ndaki kilikuwa balaa. Kilikuwa na mkono wa magogo wenye meno ya mabati, kikachota mchanga wa kweli, kikamwaga kwenye ungo, na kila kilipomwaga Ndaki alijitosa kwenye mchanga akatoka na kipande cha karatasi kinachong'aa akipiga kelele, "Dhahabu!" Watu walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kisha mzee Bujiku, mwamuzi, akapuliza filimbi ya nusu ya pili, na Masele akatoa jahazi.

Ng'ombe waliliburuta mpaka katikati ya upande wake, wakafunguliwa, mawe yakawekwa kwenye matairi manne. Lilikuwa limepakwa chokaa na majivu. Lilikuwa na omo iliyochongoka mbele, tezi iliyonyanyuka nyuma, usukani wa ubao wa kitanda uliogongomewa msumari mmoja kwa ajili ya uzuri tu, na mlingoti umesimama wima, mguu ndani ya mwashiri. Wapiga ngoma wanne walipanda juu ya mlango wa nyumba ya Zamoyoni. Masele akapanda, kashoka ka ngoma kiunoni, akapaaza sauti, na jarari ikavutwa. Turubai la kuanikia mpunga lilipanda polepole, likafunguka lote, na watu waliokuwa kwa Ndaki wakageuza shingo.

Aliimba Kisukuma, na maneno ya chombo akayaacha kama yalivyo. Alikigusa kila kipande akikitaja, na kundi likaitikia. Omo! Tezi! Mkuku! Mataruma! Watu walianza kuvuka uwanja kuja kuona, mmoja mmoja, kisha kwa mafungu. Bi Chiku, ambaye Kisukuma alikijua vizuri kuliko alivyopenda kukiri, alikuwa akitikisa kichwa taratibu na mdundo. Halafu wimbo ukageuka:

*Fundi Mbwana, fundi wa Pangani,*
*weka nyundo chini, waambie na wenzako,*
*mtoto amelala ndani ya mataruma.*
*Nyundo nyamazeni, mtoto hajaamka.*

Bi Chiku aliacha kutikisa kichwa.

"Umemwambia wewe?" alimuuliza Zamoyoni.

"Mimi? Mama, mimi hayo nilikuwa nimeyasahau." Alipolisema ndipo aibu ikamshika, maana lilikuwa kweli.

"Nani kamwambia, basi?"

Esta aliwatazama wote wawili kama watu waliotoka mbali. "Kwani hamjui?" alisema. "Masele si anakaa pale nyuma ya jiko lenu kila alasiri? Mimi namwona kutoka uani kwangu. Mvua, jua, yupo na kigoda chake, sikio ukutani. Ni miaka miwili sasa. Nilidhani anakwepa kazi."

Bi Chiku alirudisha macho kwenye jahazi. Huko Masele alikuwa akiimba ametazama juu, kwenye tanga, mahali ambapo hakuna uso wa mtu. Manju ana ruhusa yake. Anaweza kumwimba mkubwa, akamwimba mdeni wake, hata mkwe, kwa sababu wimbo hauhesabiwi kuwa maneno ya mtu kwa mtu. Masele alikuwa amengoja tangu mavuno na kutoa mlango mzima wa mninga ili kuipata ruhusa hiyo, na sasa aliitumia:

*Basi la Jumatatu lina matairi sita,*
*jahazi lako, mama, lina manne.*
*Usipande la watu ukaacha la kwenu.*
*Ukiondoka, nani atanifundisha bahari?*

Zamoyoni alilia waziwazi, na safari hii hakutafuta moshi. Alikumbuka kamba ya ndama aliyomtupia mumewe usoni, akatamani kuirudisha.

Ni wakati huo upepo ulipokuja. Ulikuja kutoka mashariki, ule wa Agosti wenye vumbi na maganda ya pamba ndani, ukaingia kwenye turubai lote kwa pamoja. Kamba zikalia. Jiwe moja likachomoka chini ya tairi, la pili likafuata, na jahazi la Masele likaondoka.

Mwanzoni watu walishangilia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Wapiga ngoma ndio waliojua, wakaruka mmoja baada ya mwingine kama vyura. Masele alibaki. Alishika usukani akauzungusha, nao ukazunguka vizuri sana bila kugeuza chochote. Chombo kiliingia kwenye mteremko, kikaongeza mwendo, omo yake imeelekea kwenye kijiko cha Ndaki na watu mia mbili waliokuwa bado wamekizunguka, akina mama wamekaa na watoto mapajani.

Masele aliirukia demani aifungue. Alikuwa ameifunga fundo la ng'ombe. Aliambiwa asilifunge, na alikusudia kabisa kutolifunga, lakini mikono yake ilikuwa imefunga ng'ombe miaka thelathini na haikumuuliza. Kadiri tanga lilivyovuta ndivyo fundo lilivyojikaza.

Bi Chiku alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mbangua karanga. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekulia gatini, ya kupita juu ya upepo na kufika:

"Masele! Kata! Kata demani, Masele! Ya mkono wa kushoto! Masele weee!"

Uwanja wote ulisikia. Masele aligeuka, akamtazama mama mkwe wake usoni, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akachomoa kashoka kiunoni akapiga. Kamba ilikatika na turubai likaruka juu likipigapiga. Jahazi likapungukiwa nguvu, likayumba, likapita katikati ya watu waliokuwa wakitawanyika, na kwa mwendo wa mzee anayetafuta pa kukaa likaingiza omo yake kwenye mkono wa kijiko cha Ndaki. Vyote viwili vikalala pamoja. Hakuna aliyeumia, isipokuwa ungo.

Watu walikimbilia pale wote. Wote kabisa, na wauza miwa. Mzee Bujiku naye alifika akihema, akapuliza filimbi ya mwisho, akatazama huku na huku kama kanuni inavyosema. Upande wa Masele ulikuwa na mkeka mmoja. Watu wote, pamoja na jahazi lenyewe, walikuwa upande wa Ndaki.

"Ameshinda Ndaki," alitangaza mzee Bujiku, na hakuna aliyeweza kumpinga, ingawa walijaribu mpaka giza linaingia.

*

Masele hakubishania ushindi. Yeye na Bi Chiku walirudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja na aibu yake. Jina lilikuwa limetajwa mbele ya wilaya nzima na macho yalikuwa yamekutana. Wazee wa kundi walikuwa wamekwisha mwambia Masele la kufanya: mbuzi. Jambo kama hilo likitokea, mkwe anampelekea mama mkwe mbuzi, mama mkwe akimpokea basi limefutika, kila mtu anarudi mahali pake. Asipompokea, limebaki.

Alfajiri ya Jumatatu Bi Chiku alikuwa amevaa baibui, begi liko miguuni, amekaa jikoni akingoja bodaboda ya kumpeleka stendi. Zamoyoni alimwashia moto. Maombi yake yote alikuwa ameyasema usiku kucha.

"Nimemwita jina, Zamoyoni," alisema Bi Chiku. "Nimemtaja kama natafuta kuku. Sasa ndiyo hatanikaribia tena kabisa."

Nje mbuzi alilia. Masele alikuwa amesimama mbele ya nyumba ambapo mlango ungekuwepo, mgongo kwa khanga, mbuzi amefungwa kwa kipande cha demani kilichobaki. Zamoyoni alitoka.

"Mwambie mama nimemletea huyu," alisema Masele akitazama barabara. "Mwambie nimekosa. Nilimtazama."

"Na akimpokea mnarudi vilevile? Kupeana migongo?"

"Ndiyo. Ndiyo heshima yenyewe, Mama Raudha. Nyingine siijui."

Zamoyoni alizunguka jikoni na ujumbe huo, akaupeleka kwa hasira, neno kwa neno, na mwishoni akaongeza la kwake: "Mkatae, mama. Mkatae huyo mbuzi ili awe anakutazama!"

Kwa mbali bodaboda ilisikika ikipanda kilima. Bi Chiku alinyoosha mkono akaugusa ukuta wa jiko, upande wa zizi, kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Kwa miaka miwili alikuwa amedhani huo ni ukuta tu.

"Mpokee," alisema.

"Mama!"

"Mpokee, umfunge kule nyuma, karibu na kile kigoda. Na huyo wa pikipiki mwambie arudi. Halafu nipe karanga."

Zamoyoni alikwenda. Mwenye bodaboda alilalamika, akapewa dagaa, akanyamaza. Aliporudi alimkuta mama yake amevua baibui, amesogeza kibao chake mpaka mgongo wake umegusa ukuta, ungo mapajani. Nyuma ya ukuta kigoda kililia kidogo, kikatulia.

"Nanga," alianza Bi Chiku, kwa sauti ya kumfikia mtu asiyeonekana, "ina vidole vinne. Niliisema, ikadharauliwa, tukaona wenyewe."

Zamoyoni aliona hapo mjumbe hahitajiki, akaenda kuteka maji ya chai. Basi la pwani lilipiga honi kule barabarani, mara mbili, likapita. Upande wa pili wa ukuta Masele alikuwa na swali, na kwa heshima zote hakuwa na mtu wa kumtuma. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mbuzi," alisema hatimaye, "muulize mama, hivyo vidole ni vya chuma au vya mti?"

Karanga mbili zilipasuka ndani ya ungo.

"Mbuzi," alijibu Bi Chiku, "mwambie ni vya chuma. Na mwambie kwanza aurudishe mlango wangu."